Madam wa Rekodi na Kosa la Kompaili

Madam wa Rekodi alikuwa na miwani mbili. Moja ilikuwa ya kutazamia watu na nyingine ya kutazamia makro, na sisi tuliofanya kazi chini yake tulijifunza mapema kuangalia ni ipi iko puani kabla hatujafungua mdomo. Akiwa na ile ya watu ungeweza kumwomba ruhusa ya kwenda mazishini, ukamweleza na habari za marehemu, naye akakusikiliza mpaka mwisho. Akiwa na ile ya makro, hata kama wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unakata roho, angekwambia ungoje amalize mstari.

Hospitali yetu ilikuwa Parklands, ndogo, ya mtu binafsi, na ofisi ya rekodi ilikuwa chumba kirefu chini ya ngazi. Ukisimama kwa haraka uligonga kichwa. Yeye hakugonga kamwe, kwa sababu alikuwa mfupi na hakusimama kwa haraka. Alitoka Kinoo kila asubuhi, na kufikia saa ya kufungua ofisi alikuwa ameshakunywa uji, ameshasali, na ameshapata mtu wa kumkasirikia.

Kazi yetu ilikuwa kuingiza habari za wagonjwa kwenye kompyuta, katika yale majedwali marefu tuliyoyaita spredishiti. Makro ni maagizo ambayo mtu huiandikia kompyuta ndani ya spredishiti ili ifanye yenyewe kazi ya kuchosha: kutafuta kadi ya mgonjwa, kupanga majina, kuchapa barua za kuwakumbusha akina mama siku ya chanjo. Hakuna aliyemfundisha Madam kuziandika. Alinunua kitabu kinene katikati ya jiji, kwa wale wanaotandika vitabu vya mitumba kando ya barabara, kikiwa hakina jalada na sura za mwisho zimechanika. Miaka baadaye niliona kitabu kama hicho kikiwa kizima, nikagundua kwamba sura zilizochanika ndizo zilizoeleza namna ya kushughulikia makosa. Kwa hiyo Madam alijifunza kazi yake kutoka kwa kitabu ambacho hakikutaja makosa popote, na akaamini kwa moyo wote kwamba kosa ni tabia mbaya ya mtu.

Na makosa yalikuwa mengi. Kabla kompyuta haijatekeleza maagizo yako, huyasoma kwanza yote, na ikikuta jambo isiloelewa hukataa kuanza. Huleta kisanduku chenye maneno machache ya Kiingereza, kisha hupaka rangi ya manjano pale maagizo yanapoanzia na kulipaka buluu neno linaloikwaza. Sisi tulikiita kisanduku hicho kompaili ero, na jina hilo likaenea hospitali nzima. Mlinzi wa getini alisikia mara nyingi kwamba Kompaili Ero amerudi, kwamba leo amesumbua sana, kwamba Madam amepambana naye tangu asubuhi. Siku moja akaja ofisini kuuliza kwa adabu huyo mzee huwa anapitia mlango gani, kwa sababu hajawahi kumwona akisaini kitabu cha wageni. Madam akamwambia huyo hapitii mlangoni, huingilia kwa uzembe wa watu. Mlinzi akaondoka ameridhika, na tangu siku hiyo akawa anazunguka kukagua ukuta wa nyuma.

Kompaili ero ikitokea kwako, kulikuwa na utaratibu. Hukuruhusiwa kubonyeza chochote. Ulimwita Madam, naye alikuja bila haraka, akavua miwani ya watu, akaifuta ile ya makro kwa pindo la sweta, akaivaa, kisha akakuamuru usome kwa sauti yale maneno ya kwenye kisanduku, halafu mstari wote wenye shida, neno kwa neno, pamoja na nukta na mabano. Alisema macho huruka lakini mdomo hauruki. Mara nyingi alisema kweli. Ulipofika mahali ambapo umefungua mabano na hukuyafunga, sauti yako yenyewe ilibaki hewani, na wewe ukabaki umekodoa macho kama mtu aliyesahau jina la mchumba wake.

Makro ndefu alizichapa kwenye karatasi akaenda nazo nyumbani. Jumapili alikwenda nazo kanisani, akazipitia wakati wa mahubiri, akipiga mistari kwa penseli. Mchungaji wake alimsifu mbele ya washirika wote kwa jinsi anavyoandika mafundisho. Alitusimulia jambo hilo Jumatatu bila haya yoyote, akaongeza kwamba mahubiri yalikuwa marefu ya kutosha na kosa lilipatikana.

Aliamini pia kwamba kila kitu lazima kitangazwe. Ukitaka kompyuta ikuhifadhie namba fulani, huwa unaipa namba hiyo jina, na Madam aliweka sharti kwamba kila jina litangazwe juu kabisa, kabla ya kutumika. Jina lisilotangazwa lilileta kompaili ero papo hapo. Hilo lilikuwa sharti zuri, kila mwandishi wa makro angekuambia hivyo. Shida ilikuwa majina yenyewe. Madam hakuwa na muda wa kubuni majina, kwa hiyo alitumia ya jamaa zake na majirani. Namba iliyozidi kuongezeka aliiita mamaMkwe. Namba iliyokuja mara moja, ikachukua kitu na kuondoka, ilikuwa shemeji. Iliyokaa bure bila kazi mpaka mwisho ilikuwa jirani. Ukisoma maagizo yake ulikuta mambo kama vile: iwapo mamaMkwe amezidi kumi, simamisha kila kitu, mpe shemeji nusu, kisha mfute.

Daktari mkurugenzi, aliyekuwa mwenye hospitali, alikuja siku moja na wageni kuwaonyesha jinsi tulivyokuwa wa kisasa. Alibonyeza kitufe yeye mwenyewe. Kisanduku kikatokea, na kwa kuwa alikuwa ameshasikia utaratibu wa Madam, akasoma kwa sauti, akitafsiri kwa ajili ya wageni: mama mkwe hajatangazwa. Mmoja wa wageni akauliza taratibu kama huyo mama amelazwa wadi gani.

Alikuwa na ukali huo wote, lakini alizishonea kompyuta nguo. Saa ya chakula cha mchana alitembea mpaka Ngara kununua nyuzi, na katika mikutano alifuma vitambaa vya kuzifunika mashine zetu, kila moja na rangi yake. Alisema ni kwa ajili ya vumbi. Lakini Julai, Nairobi inapokuwa na baridi ile ya kuingia mifupani, nilimwona akikunja kitambaa maradufu juu ya ile mashine kuukuu ya dirishani, na kabla ya kwenda nyumbani akaipigapiga mgongoni mara mbili hivi, polepole. Mimi nilikuwa nikimfanyia kazi mwaka wa tatu bila yeye kuniuliza kama ninasikia baridi.

Siku iliyombadilisha ilikuwa ya kliniki ya watoto.

Karani wa chanjo wakati huo alikuwa Nafula, msichana wa kutoka upande wa Bungoma, mwenye sauti ndogo na sweta moja jekundu alilolivaa kila siku. Alikuwa bado katika miezi ya majaribio, na wiki hiyo ndiyo mkurugenzi alipaswa kuamua kama atamwandika kazi au atamwacha. Nafula alikuwa na akili ya haraka. Madam alimruhusu, jambo ambalo hakuwa amemruhusu mtu mwingine, aongeze mstari mmoja katika makro ya chanjo: mstari wa kulinganisha tarehe ya leo na tarehe ya mtoto kurudi, ili waliochelewa waonekane kwa rangi nyekundu. Aliuandika siku moja kabla ya kliniki. Ulifanya kazi vizuri, tukaona sote.

Asubuhi ya kliniki mabenchi yalijaa akina mama na watoto mapema. Nafula akafungua spredishiti, akabonyeza kitufe, kompaili ero ikatokea. Rangi ya buluu ilikuwa imekaa juu ya neno moja, nalo lilikuwa lile la tarehe, katikati ya mstari wake.

Madam akaja, akabadilisha miwani, akamfanya asome. Nafula akasoma.

"Nani aliandika hapa?" Madam akauliza.

"Ni mimi, Madam. Lakini jana ilifanya. Wewe mwenyewe uliona."

"Mashine haidanganyi, Nafula. Ikikuonyesha neno, kosa liko kwa hilo neno."

Bahati mbaya mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameteremka kuona kwa nini foleni haisogei, kwa kuwa bila spredishiti hakuna aliyejua mtoto yupi anahitaji sindano ipi. Alisikia hayo maneno ya Madam, na hayo yakamtosha. Hakupiga kelele. Alimwambia Nafula achukue vitu vyake, aende nyumbani, atapigiwa simu. Sote tulielewa kwamba simu hiyo haitapigwa. Nafula akachukua mkoba wake na kikombe chake cha chai, akatoka. Mkurugenzi akabaki pale, mikono nyuma, akingoja kazi ianze.

Madam akaketi kwenye kiti cha Nafula, akaufuta ule mstari wote, akabonyeza kitufe.

Kisanduku kikarudi. Maneno yalikuwa yale yale. Lakini buluu ilikuwa imehama, sasa imekaa juu ya neno jingine kabisa, mistari mingi chini, neno dogo la kukata herufi za mwanzo za namba ya kadi. Mstari huo ulikuwa wa Madam. Aliuandika kabla hata mimi sijaajiriwa, na haukuwahi kumsumbua mtu.

Kwa kuwa sheria ilikuwa sheria, akausoma mstari wake mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na nukta na mabano. Haukuwa na kosa lolote. Akausoma tena. Halafu akafanya jambo ambalo nadhani hakuwa amelifanya siku nyingi: akarudi kwenye kisanduku na kuyasoma yale maneno ya Kiingereza kama mtu anayetaka kujua yanasema nini, badala ya mtu anayetafuta wa kulaumu. Hayakusema kwamba neno limekosewa. Yalisema kwamba laibrari haipatikani.

"Laibrari?" mkurugenzi akasema. "Hii hospitali imekuwa na laibrari lini?"

Madam akamweleza, huku mkono ukitafuta kwenye menyu, kwamba laibrari ni mkusanyiko wa maarifa ambayo kompyuta huazima kutoka programu nyingine. Makro yetu iliazima kutoka ile programu ya kuandikia barua, ili kuchapa zile barua za akina mama. Alifungua orodha ya laibrari na hapo juu, mbele ya mojawapo, palikuwa pameandikwa kwamba haipo. Spredishiti ilikuwa inatafuta programu ya barua iliyo mpya kuliko yetu. Ilipoikosa ikachanganyikiwa kabisa, ikaanza kukwaa hata kwenye maneno ya kawaida inayoyajua, na ikalipaka buluu neno la kwanza iliyokutana nalo.

Sasa, katika hospitali nzima kulikuwa na kompyuta moja tu mpya. Ilikuwa juu ya meza ya mkurugenzi, imewekwa wiki hiyo hiyo na fundi wa kompyuta kutoka Ngara.

Madam akageuka na kiti. "Daktari, jana jioni ulifungua hii faili kwa kompyuta yako?"

"Nilifungua kuangalia tu. Sikuguza kitu."

"Ukifunga, haikukuuliza swali?"

Mkurugenzi akafikiri. "Iliniuliza kama ihifadhi. Nikasema ndio." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, "Ningeiambia nini?"

Hakuna aliyecheka wakati huo. Tulicheka baadaye, kwa miaka. Madam akaondoa alama kwenye laibrari mpya, akaiweka kwenye yetu kuukuu, akaurudisha mstari wa Nafula kama ulivyokuwa, herufi kwa herufi, akabonyeza kitufe. Jedwali likafunguka, waliochelewa wakiwa wekundu kama Nafula alivyotaka. Kisha Madam akasimama na kumwambia mkurugenzi kwamba yeye, Madam, ndiye aliyesema uongo mbele yake, kwamba yule msichana hakukosea popote, na kwamba kama kuna mtu wa kwenda nyumbani leo basi wako wawili ndani ya chumba hiki na Nafula si mmoja wao. Mkurugenzi akasema mwite.

Madam akatoka mbio, kwa kadiri alivyoweza kukimbia, nami nikamfuata. Kwa haraka alisahau kwamba bado amevaa miwani ya makro, ambayo kwayo kitu chochote kilichopita urefu wa mkono kilikuwa ukungu mtupu. Kule kwenye mabenchi akaona sweta jekundu. Akaenda moja kwa moja, akasimama mbele yake, akashika mikono yote miwili ya aliyelivaa, na mbele ya kliniki nzima akasema alichohitaji kusema.

"Nimekukosea. Nilikuhukumu na hukuwa na makosa. Wewe ni mfanyakazi mzuri kuliko nilivyokuwa mimi nikiwa wa rika lako. Nakuomba unisamehe, urudi ndani."

Mwenye sweta alikuwa mama wa mtoto mnene aliyekuwa amelala mapajani. Akamwangalia Madam kwa huruma nyingi.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Lakini huyu bado hajadungwa."

Nafula alikuwa benchi la nyuma. Alikuwa amefika getini mvua ikaanza, mlinzi akamwambia arudi angoje ipungue, na mama mmoja akampa mtoto amshikie. Alisikia kila neno. Alianza kulia, halafu akaanza kucheka, halafu akafanya vyote kwa pamoja mpaka mtoto aliyemshika naye akajiunga. Madam aligeuka kufuata sauti ile, akavua miwani, akaona. Hakurudia maneno yake. Alisema tu, "Umesikia?" Nafula akasema amesikia. Wakarudi ndani.

Nafula aliandikwa kazi, akakaa hospitalini muda mrefu kuliko mimi. Madam naye aliacha kusema kwamba mashine haidanganyi. Alianza kusema kwamba mashine huonyesha mahali inapoumia, haionyeshi nani ameigonga. Tuliendelea kusoma kwa sauti, lakini sasa tulianza na maneno ya kisanduku, polepole, na kabla ya kuuliza nani aliandika aliuliza nani alifungua mara ya mwisho. Na kama ungefungua makro ya chanjo ungekuta amri mpya juu kabisa. Spredishiti ilijichunguza kwanza iko kwenye kompyuta gani, na ikijikuta juu ya meza ya mkurugenzi ilileta kisanduku chenye maneno ya Kiswahili: Daktari, tafadhali tazama tu.

Mimi niliondoka nikapata kazi katikati ya jiji, na Madam akastaafu. Tulisalimiana kwa simu kila Krismasi, baadaye hata hilo likakatika, kama yanavyokatika mambo kama hayo bila mtu kukosana na mtu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimekwenda Kinoo kutazama nyumba ya kupanga, nimevaa viatu vya ofisi, na barabara ndogo inayoingia Waiyaki Way ilikuwa imeziba. Gari la shule ya udereva lilikuwa limezimika katikati, na magari ya nyuma yake yalipiga honi bila kupumzika. Nilipolikaribia nikamwona kwenye usukani. Alikuwa amekalia mto wa kochi ili aone nje. Kando yake alikuwa mwalimu mmoja mwembamba aliyeshika paji la uso.

Nikainama dirishani, nikamwamkia. Alinitambua mara moja, lakini hakuachia usukani kunipa mkono. Akaniambia alichoka kungoja watoto wake wampeleke mahali, kwa hiyo ameamua kujifunza mwenyewe. Mwalimu akanieleza kwa sauti ya chini kwamba betri imekwisha nguvu kwa sababu mama huyu amezima gari mara nyingi asubuhi hii kuliko darasa zima. Madam akamkazia macho, kisha akanigeukia.

"Saidia kusukuma," akasema.

Nikawaita wanaume wawili waliokuwa kwenye duka la mbao, tukaweka mabega nyuma ya gari, tukasukuma. Kiatu changu kimoja kilibaki kwenye tope. Gari likakohoa, likashtuka, likawaka, likaanza kwenda. Nikafikiri atasimama mbele kidogo ili tusalimiane vizuri, nimuulize habari za nyumbani na nimpe namba yangu mpya. Hakusimama. Baadaye nilielewa kwamba hakuthubutu, maana angesimama lingezimika tena. Aliteremka ile barabara taratibu, akaingia Waiyaki Way huku lori likimpisha, na mkono wake ukatoka dirishani ukanipungia, mpana, wa furaha tupu, mpaka mkono mwingine mwembamba ulipotokea na kuurudisha kwenye usukani.